Sifuri ya Pirihira iliyoangusha msitu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado unadondoka kutoka kwenye majani ya mikiwi, mimea ya matunda ya kiwi, na Pirihira Tawhara ameshainua shingo. Ataishusha saa sita, wakati wa kula mkate wake. Kisha ataiinua tena mpaka jioni.

Anatembea taratibu chini ya dari la majani. Mkono wa kushoto umeshika kihesabio kidogo cha chuma, wa kulia unapapasa tunda baada ya tunda. Mawili yaliyogusana anayatenganisha kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayefungua jicho la mtoto mwenye tongotongo. Anayemtafuta hujificha hapo hapo, matunda mawili yanapoegemeana.

"Huyu hapa, mshenzi!" anamwambia mwandishi anayemfuata nyuma. "Njoo uone. Upesi, ana mbio huyu."

Ni kiwavi wa kijani, mwembamba, kichwa cha kahawia. Ameshona uzi kati ya matunda mawili na kujijengea chumba, humo ndani anatafuna ganda taratibu. Pirihira anamgusa kwa kijiti. Kiwavi anajipinda, anarudi kinyumenyume kwa kasi, anajiachia na kubaki ananing'inia hewani.

"Akirudi kinyumenyume namna hiyo ujue ndiye. Huyu wetu hata haangalii anakokwenda."

Anasema "wetu" na hatanii. Nondo mkunja-majani, mzazi wa kiwavi huyu, hakuletwa New Zealand na meli ya mtu. Alikuwapo kabla ya mikiwi na matofaa, kabla hata ya mitumbwi iliyowaleta mababu wa Pirihira katika pwani hii ya Te Puke. Alikula majani ya msitu wake, akayakunja, akalala humo. Watu walipofyeka na kupanda matunda, akahamia kwenye matunda. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kazi ya Pirihira ni kumhesabu. Shamba la ukoo lina vitalu vinne, na kila wiki katika kila kitalu anakagua matunda mia tatu. Viwavi wakifika watatu, dawa inapigwa. Wasipofika, haipigwi, na nyuki na watu wanapumua. Namba anaiandika kwenye fomu, fomu inakwenda kwa kampuni inayosafirisha matunda nje. Analipwa dola thelathini kwa saa, msimu wa matunda tu. Miezi ya baridi anamenya viazi vitamu kwenye ghala la mtu, akiwa amevaa soksi jozi mbili.

Ameifanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Ana miaka hamsini na minane, na shingo yake, anasema, ina tisini.

"Zamani wafanyakazi walikuwa wananiita Mama Sifuri," anasema. "Kwa sababu vitalu vyangu vilikuwa safi. Wiki nenda wiki rudi, sifuri, sifuri, moja, sifuri. Nilikuwa nalipenda hilo jina! Siku hizi mtu akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke."

Leo ni Ijumaa. Kesho saa nne bodi ya ardhi ya ukoo inakutana kwenye ukumbi wa marae, uwanja wa ukoo wa mikutano na misiba, na Pirihira ameomba nafasi ya kusema. Anataka ukoo upande tena msitu uliokuwa kando ya kijito, nyuma ya kitalu namba nne. Ulikatwa miaka minne iliyopita. Nyumbani kwake, kwenye kibaraza, ana miche mia mbili na kumi na miwili ndani ya makopo ya aiskrimu na chupa za maziwa zilizokatwa vichwa. Ameikuza kwa mbegu alizookota chini ya visiki.

Kikwazo chake ni karatasi moja, na karatasi hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

*

Januari ile ya miaka minne iliyopita alifariki Mzee Tamihana, aliyekuwa kichwa cha ukoo na baba wa Hohepa, mwenyekiti wa sasa wa bodi. Maiti ililala marae siku tatu. Watu walikuja kwa mabasi. Huku jikoni wanawake walikuwa wanamenya viazi kwa magunia, wanaume wanafukua shimo la kupikia nyama, na Pirihira yuko katikati yao na aproni yake, maana msiba wa ukoo hauna mgeni.

Kitalu namba nne kinapakana na makaburi. Kaburi likichimbwa, kitalu kile kinafungwa. Mlangoni pananing'inizwa tawi bichi, nacho kinakuwa mwiko. Haingii trekta wala mtu mpaka mzee mwenye dua apite na maji kukifungua. Watoto wa hapa wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma.

Siku ya pili ya matanga ilikuwa Jumanne, siku ya fomu. Alfajiri Pirihira aliviwahi vitalu vitatu vya kwanza, akavikagua kama kawaida. Akafika mlangoni pa namba nne, akaliona tawi, akageuka.

"Mpaka hapo sikuwa na kosa," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anaishusha shingo. "Kosa nililifanya mezani."

Kampuni ilipiga simu saa nane mchana. Kijana mmoja mwenye adabu zake aliuliza fomu imekwama wapi. Pirihira alikuwa na kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine. Fomu ilikuwa na visanduku vinne vya namba, basi. Hapakuwa na kisanduku cha kusema kwamba mahali pamefungwa.

"Ningeweza kuandika pembeni: sikuingia, kuna mwiko. Maneno machache tu! Lakini niliona haya. Nikamfikiria yule kijana akisoma, akimwonyesha mwenzake, wakicheka. Hawa nao na mizimu yao. Basi nikajiambia, wiki iliyopita ilikuwa sifuri, wiki hii itakuwaje? Nikaandika sifuri. Palepale, juu ya maganda ya viazi."

Ripeka, mpishi mkuu wa marae, alikuwa amekaa pembeni yake. Alimwuliza: "Unaandika nini na mikono michafu?"

"Naandika kazi."

"Kazi itakungoja, shoga. Viazi havingoji."

Wakacheka. Pirihira anakikumbuka kile kicheko mpaka leo, na anasema kinamuuma kuliko mengine yote.

Mwiko ulifunguliwa Alhamisi. Hapo napo angeweza kuingia akahesabu, akapiga simu kusahihisha. Ila alikuwa hajalala siku tatu. Akasema Jumanne haiko mbali.

Jumanne aliwakuta kumi na mmoja. Na hawakuwa wachanga. Walikuwa wanene, wameshajishonea ndani kabisa kati ya matunda, mahali ambapo dawa haifiki. Kiwavi hanenepi hivyo kwa siku saba. Walikuwepo wiki ile ya sifuri, na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa yeye.

Aliandika kumi na mmoja. Hakusema zaidi.

*

Matunda ya kitalu namba nne yalikataliwa wakati wa mavuno, karibu yote, kwa makovu. Mwezi wa tano ukoo ukaitwa. Mtaalamu wa kampuni akaja na karatasi zake, akazipanga mezani. Alisema kwa upole kabisa kwamba wiki moja kitalu ni safi, wiki inayofuata viwavi kumi na mmoja. Kwa hiyo hawakuzaliwa kitalu hicho, wamevamia ghafla kutoka nje. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye msitu wa kijito. "Kwao ni pale," alisema.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Ungeuzunguka kabla chai haijapoa. Ulikuwa na mimahoe, mikawakawa, mitotara michache mikubwa, na giza la ubaridi ambamo watoto walijificha wakitumwa kuosha vyombo.

Aliyesimama kuutetea alikuwa mtu mmoja. Kararaina, shangazi yake Pirihira, alikuwa na miaka themanini na mmoja na fimbo ya mkono wa kulia. Ni yeye aliyemlea Pirihira mama yake alipokufa. Alikuwa mganga wa majani. Alichuma kawakawa zilizotobolewa tu, nzima akiziacha, akisema: "Mdudu amekwisha kukuonjea, wewe unataka nini tena?" Yule alikuwa mdudu mwingine, si mkunja-majani, lakini kwa shangazi wadudu wote walikuwa majirani.

"Huyo nondo yuko hapa kabla yetu," shangazi aliuambia mkutano. "Miaka yote mmelima naye, na msitu ulikuwepo. Mwaka huu miti imekosa nini? Niambieni. Imekosa nini?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Shangazi anaogopa kukosa dawa ya kikohozi." Watu wakacheka. Hawakucheka vibaya, lakini walicheka.

Katika ukumbi ule, mtu akimaliza kusema, wa upande wake husimama naye na kumwimbia. Wimbo ndio unaoshikilia maneno yake. Hotuba isiyoimbiwa ni kama mtu aliyeachwa mlangoni. Shangazi alimaliza, akabaki amesimama na fimbo yake, akingoja. Aligeuza kichwa, akamtazama Pirihira.

Pirihira hakusimama.

"Ningesimama ningelia, na ningelia ningesema," anasema. Anafuta macho kwa mkono wa shati, na majani ya mkiwi yananasa kwenye nywele zake. "Nilikaa. Nilijitia kutafuta kitu kwenye mkoba. Shangazi yangu aliyenilea alisimama pale peke yake mpaka akachoka, akakaa. Hakuna aliyemwimbia."

Kura ikapigwa kwa mikono. Mwezi wa sita tingatinga likaja, likamaliza kazi kwa siku mbili. Shangazi aliomba kiti chake kisogezwe dirishani, akatazama mpaka mwisho. Hakumlaumu mtu. Alimwambia Pirihira, "Nenda kaokote mbegu, mwanangu, kabla hawajachoma." Mwezi wa tisa naye akafariki, na katika matanga yake aliimbiwa nyimbo nyingi mno, zilizochelewa.

Majuto ni mjukuu, na huyu wa Pirihira amekuja kukaa. Msitu ulipoondoka, nondo hawakuondoka. Waliondoka nyigu wadogo waliokuwa wakiishi mle gizani na kutaga mayai yao ndani ya viwavi. Tangu hapo kitalu namba nne hakijaona sifuri. Wanne, watano, juzi saba. Dawa iliyokuwa ikipigwa mara moja kwa msimu sasa inapigwa mara tatu.

*

Saa tisa alasiri pikipiki ya magurudumu manne inanguruma kati ya mistari. Ni Hohepa, mwenyekiti, mwanaume mpana mwenye kofia iliyofubaa. Yeye na Pirihira ni watoto wa ndugu wawili.

"Dada, kesho usituletee hotuba ndefu. Watu wanataka kula."

"Wewe lini ulikosa kula?"

"Angalia huyu! Nimepungua kilo mbili mimi."

"Umezisahau mezani, kaka. Rudi utazikuta."

Anacheka mpaka kofia inateleza. Kisha anaushika usukani, hacheki tena. "Lakini hiyo miti, dada. Watakuuliza. Karatasi yako mwenyewe ndiyo iliyotuambia nondo alitoka msituni. Sifuri, halafu kumi na mmoja. Sasa turudishe nyumba ya adui kwa mikono yetu?"

Pirihira anatenganisha matunda mawili yaliyogusana.

"Nitajibu kesho," anasema.

Pikipiki inapotokomea anabaki ameshika mkiwi kwa mkono mmoja. Akisema ukweli, atakuwa mkaguzi aliyedanganya, na nani tena atampa fomu? Tena alidanganya huku baba yake Hohepa amelala ndani ya jeneza, hatua mia moja kutoka meza ya jikoni alipoandikia. Akinyamaza, miche itafia kwenye makopo.

"Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua," anasema. "Kwangu kifo kilimchukua shangazi, mimi kikaniacha na maradhi yangu."

*

Jumamosi ukumbi umejaa kiasi. Watu hamsini hivi, chai, mikate ya kukaanga, kome ndani ya sufuria. Pirihira amevaa gauni jeusi na amebeba mche mmoja wa mahoe ndani ya kopo la aiskrimu. Anauweka mezani mbele ya Hohepa.

Anasema kuhusu nyigu. Anasema kuhusu dawa mara tatu. Mtu mmoja anauliza swali lile lile la jana, karibu kwa maneno yale yale.

"Ile sifuri niliiandika bila kuingia," Pirihira anajibu. "Kitalu kilikuwa kimefungwa. Tawi lilikuwa mlangoni. Niliona haya kuwaandikia wageni kwamba tuna mwiko, nikaandika namba ya uongo. Nondo hawakuvamia kutoka popote. Walikuwa humo humo, mimi ndiye sikuwaona. Miti haikukosa kitu. Shangazi aliwauliza imekosa nini, na mimi jibu nilikuwa nalo mapajani."

Hohepa anazungumza akiitazama meza. "Siku ile baba alikuwa hapa. Hapa ndani."

"Ndiyo, kaka."

"Tulifunga kitalu kwa heshima yake. Wewe ukaionea haya."

"Ndiyo."

Kuna mambo ambayo mtu akiyajibu kwa neno moja yanakuwa mazito zaidi. Hohepa anavua kofia, anaiweka juu ya goti.

Pirihira hakai. Anageukia ukuta wa picha za marehemu, ambako Kararaina anatazama na fimbo yake, na anaanza kuimba. Ni wimbo wa kijito, aliokuwa akiupenda shangazi. Sauti yake si nzuri na yeye analijua hilo. Anaimba ubeti wa kwanza peke yake, wote wamekaa. Ripeka, yule mpishi, anaufuatisha kwa pua bila kuinuka. Ubeti wa pili unamkatikia katikati. Anakaa.

Kura inapigwa kama kura nyingine zozote. Mikono thelathini na moja inakubali msitu urudi, upande wa kijito tu, upana wa hatua kumi. Kuhusu kazi, bodi inasema Pirihira aendelee mpaka mavuno kwa kuwa mwingine hayupo, na fomu zake zitahakikiwa na mtu wa pili. Baada ya hapo itaamua. Hakuna anayemkumbatia. Wawili watatu wanatoka bila kumuaga.

"Sikutegemea kusamehewa," anamwambia mwandishi nje, akiwa na kopo lake kifuani. "Mahoe itakua haraka, miaka mitano utajificha nyuma yake. Totara sitakiona kivuli chake. Sawa tu. Nataka nipande mwezi wa sita, mvua ikishalainisha udongo. Mche wa kwanza nitauweka mahali dirisha la shangazi lilipokuwa linatazama. Na nimewaandikia kampuni waongeze kisanduku cha tano kwenye fomu. Hawajajibu. Wasipoongeza nitaandika pembeni, wacheke wakipenda."

Vyombo vinangoja, na kwenye marae mwenye aibu haachi kuosha vyombo. Pirihira anarudi jikoni, anatia mikono ndani ya maji ya moto. Upande wa kukausha kuna taulo na rundo la sahani, na baada ya muda taulo linachukuliwa na Hohepa. Anakausha sahani nne, tano, bila kumtazama.

"Ule wimbo," anasema mwishowe. "Ubeti wa pili unaanzaje? Baba alinifundisha. Nimeusahau."

Pirihira anamwambia mstari wa kwanza, mikono ikiwa bado majini. Hohepa anaurudia chinichini, anakosea, anarekebishwa, anaurudia tena.

"Mwezi wa sita sio mbali," anasema. "Nitakuwa nimeshaushika." Na anachukua sahani nyingine.